Mwaka Tulipowasahau Wajomba

Kwenye msiba wa Mwalimu Deo, mwezi uliopita pale Bigwa, Morogoro, alisimama mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzito mwenye suti, akasema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu hakuwahi kushindwa na mtu maishani mwake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Felista, aliyekuwa ameketi mkekani karibu yangu, akaniegemea na kuninong'oneza, "Dada Vero, huyu kijana hakuwapo Mgeta." Nikaficha uso ndani ya khanga. Wajukuu wa Felista walikuwa wamelala mapajani mwake, mmoja kila upande, na mabega yetu sote wawili yakawa yanatikisika. Mama mmoja mbele yetu akageuka, akadhani tumezidiwa na kilio, akatupitishia kikombe cha maji. Tukanywa. Mwalimu angecheka pia, maana yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba jambo kubwa alilojifunza katika ualimu alifundishwa na watu ambao hawakumwalika awafundishe chochote.

Vijana wengi huniuliza nilianzaje kazi ya kufundisha watoto kuchora na kuigiza, kazi ambayo wakati wetu haikuhesabiwa kuwa kazi. Huwa nawajibu kwa kifupi, kwa sababu jibu refu linahitaji mtu aketi. Leo nimeketi. Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Kusubiri ni kazi ngumu kwa msichana wa umri ule. Nilikuwa nimekwishafagia uwanja wa nyumbani kwetu mpaka mawe yake yakaonekana, ndipo Jumapili moja Mwalimu Deo akasimama kanisani mjini na kutangaza kwamba anatafuta kijana wa kujitolea. Alikuwa anaanzisha kambi ya watoto katika misheni moja ya Mgeta, juu milimani, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka. Watoto watachora, watafinyanga, wataimba, watacheza ngoma na mchezo wa kuigiza, na kila siku itaanza na kumalizika kwa sala. Malipo hayapo. Chakula na blanketi vipo. Kabla hajamaliza tangazo nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nilipomfuata nje akaniuliza, "Unajua kuchora?" Nikasema najua. "Unajua baridi?" Nikasema nitaijua. Akacheka, akaniambia nilete sweta.

Mwalimu Deo alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyomfikia mtoto wa nyuma kabisa bila kupandishwa. Alifundisha shule ya msingi mjini Morogoro, na alikuwa na imani moja aliyoishika kama wengine wanavyoshika jembe: kwamba mtoto akipewa nafasi ya kutengeneza kitu kwa mikono yake, atamwelewa Mungu kwa urahisi zaidi kuliko akisimuliwa. Tulipanda Mgeta kwa lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, tukiwa tumekalia makapu yanayonuka kabichi, yeye ameikumbatia ngoma kubwa ya kwaya kama mtoto mgonjwa. Kila lori lilipokunja kona na bonde likafunguka chini yetu alifumba macho, na kila alipoyafumbua aliendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia.

Ukumbi tuliopewa ulikuwa ghala la parokia. Padre Gaspari, padre kijana aliyehamishiwa pale miezi michache kabla yetu, alikuwa amehamishia magunia ya mahindi kibarazani ili kutupisha. Ndani palibaki harufu ya mkonge na panya, madirisha madogo yaliyoingiza ukungu badala ya mwanga, na sakafu ya saruji iliyopitisha baridi hadi kwenye meno. Niliupenda ukumbi ule siku ya kwanza na sijapata kuacha kuupenda. Rangi za dukani hazikuwapo, na hata zingekuwapo tusingekuwa na fedha ya kununulia. Mwalimu alinituma na watoto tukachimbe udongo mwekundu kwenye kingo za barabara, na mweupe kwenye kijito. Tukatwanga mkaa, tukakamua majani ya maboga, tukachanganya vyote na uji mwepesi wa muhogo ili vishike. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha, na watoto walitafuna kwa bidii kupita kiasi, wakawa wanacheka na meno meusi. Karatasi zilikuwa mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kukung'utwa. Ukitaka kujua furaha ni nini, mpe mtoto wa miaka minane mfuko mzima wa saruji, umwambie, "Huu ni wako, chora unachotaka."

Chakula alikipika Mama Skola, mjane mwenye mikono mikubwa na maneno mengi zaidi ya kuni zake. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage au ugali na kabichi, jioni viazi. Sukari ilikuwa adimu nchi nzima, hivyo uji tuliutia chumvi, na Mama Skola akiwaona watoto wamekunja nyuso aliwaambia, "Kunyweni, hata malaika wa Mgeta hanywi wa sukari." Jikoni kwake ndiko nilikojifunza habari za kijiji, nikiwa namenya viazi kimya huku wanawake waliokuja kumsaidia wakizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kinu. Nani kampata mtoto, nani kashuka na lori hajarudi, redio imesema nini jana. Redio mwaka ule ilikuwa haisemi kingine ila vijiji vya ujamaa. Watu wa mabonde mengine walikwisha hamishwa, na huku juu kila mtu alikuwa anajiuliza swali moja: tukiambiwa tusogee, shamba hili litakuwa la nani? Nililisikia swali hilo jikoni karibu kila siku. Sikulifikiria. Nilidhani ni maneno ya wakubwa, hayahusiani na mambo yetu ya rangi na ngoma.

Sasa nieleze tulivyopata ruhusa ya watoto, maana hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Mwalimu Deo alikuwa mtu wa adabu. Hakutaka kuchukua mtoto wa mtu bila idhini. Siku ya kwanza, baada ya misa, alisimama mbele ya altare akasema kwa ile sauti yake, "Akina baba, ninyi ndio wenye watoto. Je, mnatukubalia tukae nao siku hizi za likizo, mpaka Jumapili ile ya mwisho watakapowaonyesha mchezo wao?" Wanaume wa upande wa kulia wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Tunakubali," na wengine wote wakaitikia, "Tunakubali." Mwalimu akatoka kanisani akiwa na uso uliong'aa. Mimi pia niling'aa. Ilikuwa rahisi mno, na sote wawili hatukujiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo.

Mchezo wenyewe aliuandika Mwalimu. Ulikuwa mfupi na mzuri. Mzee mmoja ana watoto wawili wa kiume. Mmoja ni mchapakazi, ndiye peke yake anayelima. Wa pili ni mtu wa kuzurura, hurudi nyumbani njaa ikimshinda. Mzee akikaribia kuishiwa nguvu anawaita wote wawili, anawapeleka shambani, anaweka mpaka katikati kabisa, na kuwapa kila mmoja nusu. Mchapakazi analalamika. Mzee anamjibu, "Sikugawii kwa jasho lako, nakugawia kwa sababu u mwanangu." Mwisho wa mchezo watoto wote wanaimba kwamba Mungu ni baba wa namna hiyo. Sehemu ya mzee alipewa Lukasi, mvulana mpole mwenye mgongo uliopinda vizuri alipoambiwa aigize uzee. Mpiga ngoma alikuwa Felista, binamu yake, binti wa miaka kumi au kumi na moja, aliyeiteka ile ngoma ya kwaya siku ya pili na asiirudishe tena kwa mtu.

Ni Felista aliyeuliza swali. Tulikuwa tumefika pale mzee anapoweka mpaka. Ngoma ikanyamaza. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama shamba amewapa wanawe, wapwa zake watalima wapi?"

"Wapwa gani?"

"Watoto wa dada zake."

Mwalimu akatabasamu. "Katika mchezo huu hana wapwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watoto waligaagaa. "Hana wapwa!" mmoja akapiga kelele. "Mzee mzima hana mpwa hata mmoja! Nani atamzika?" Lukasi akaweka fimbo chini, akashika tama kama mtu aliyefiwa, na kicheko kikaanza upya. Mwalimu akacheka nao, akapiga makofi, akasema turudie. Felista peke yake hakucheka. Alirudia kupiga ngoma, lakini aliipiga kama mtu anayehesabu kitu kichwani.

Jumatano asubuhi ya wiki ile ya mwisho, tukiwa katikati ya uji, wanaume wakaanza kufika. Hawakuja kwa kelele. Walikuja mmoja mmoja, majembe begani, wakasalimia, wakasimama mlangoni, wakaita majina. Mtoto aliyeitwa aliweka kikombe chini na kwenda. Mbele yao alikuwa Mzee Klementi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, ndiye yule aliyekuwa wa kwanza kusema "Tunakubali" kanisani. Akaita, "Felista. Na kaka zako." Felista akasimama, akaitazama ngoma, akanitazama mimi, akaenda.

Mwalimu Deo akatoka mbio. "Mzee wangu, shikamoo. Kuna nini? Si mlikubali wenyewe, mbele ya Padre?"

"Marahaba. Nilikubali."

"Sasa mbona unamchukua binti?"

"Huyu si mwanangu. Huyu ni mpwa wangu. Mwanangu ni Lukasi, huyo hapo, nilikupa, sijamgusa." Kabla hajafunga mdomo, mtu mwingine nyuma yake akaita, "Lukasi!" na Lukasi akaweka kikombe chini. Mwalimu akamgeukia Mzee Klementi kama mtu anayeomba msaada. "Basi mzuie, mzee, mwanao anachukuliwa!" Mzee Klementi akamtazama kwa huruma kabisa. "Yule ni shemeji yangu. Ni mjomba wake Lukasi. Mimi nitamzuiaje?"

Naomba nisimame hapa, msomaji, kwa sababu mjini na kwingine kwingi jambo hili halieleweki upesi. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ile, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ule wanaouita lukolo. Baba humlea, humlisha, humpenda. Lakini mtu anayejibu juu ya mtoto huyo, anayeulizwa aende wapi na akae wapi, ni mjomba. Shamba nalo ni la ukoo. Mzee Klementi alilima shamba la ukoo wa mama yake, na siku akifa litabaki kwa wapwa zake, yaani Felista na ndugu zake, wala haliendi kwa Lukasi. Lukasi ana shamba lake kwa mjomba wake. Basi tazama tulichokuwa tumefanya. Tuliwaomba wanaume ruhusa wakiwa akina baba, na wao kama baba wakakubali, kwa kuwa kukataa kungekuwa kukosa adabu na kukubali hakukuwa na uzito. Wakarudi nyumbani na kusikia, kwa vinywa vya watoto, kwamba kambini watoto wanafundishwa kudai mashamba ya baba zao. Mwaka ambao redio inazungumzia mashamba kila siku. Wanaume wale wale waliotupa watoto wao wakaja kuwatwaa wapwa zao, na kila mmoja alikuwa na haki kamili mara zote mbili.

Tulibaki na watoto wanne, ambao wazazi wao walikuwa wageni kama sisi. Padre Gaspari alikuja mchana, akatazama mikeka mitupu, akatazama magunia yake kibarazani. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu," akasema, "ikifika Jumamosi jioni watoto hawajarudi, itabidi nifunge kambi. Mahindi yananyeshewa, na mimi siwezi kugombana na kijiji kizima kwa ajili ya mchezo." Alipoondoka Mama Skola akatoka jikoni akifuta mikono. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. "Kuwaambia nini?" akasema kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani huko mjini nanyi mna wajomba."

Mwalimu alisema atakwenda tena kwa akina baba, mmoja mmoja, awakumbushe ahadi yao. Nilimwambia haitasaidia. Hakunisikia, alikuwa amekwisha chukua kofia yake. Alirudi alasiri viatu vimejaa tope, na kila nyumba alikuwa amekaribishwa, amepewa kiti, amekubaliwa kwa maneno matamu, na hakurudi na mtoto hata mmoja. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi mtupu nikitazama picha zilizobandikwa ukutani na kupeperuka kila mlango ulipofunguka. Sitaki kujipamba. Nilikuwa msichana ambaye hajawahi kufanya kazi hata moja hadi mwisho, na nikajiambia kwamba hii nitaifikisha mwisho hata ikibidi nipande kila kilima kilichokuwa kikionekana dirishani.

Alhamisi nikapanda kwa Mzee Klementi. Njia ya kwake ilikuwa ngazi zaidi kuliko njia. Nilimkuta kijitoni anaosha karoti za kupeleka kwenye lori, maji yamemfika magotini, na Felista kando yake akizifunga mafungu. Felista aliniona akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa Mwalimu."

"Si binti yake, baba. Namsaidia tu."

"Basi nisaidie na mimi." Akanisukumia kapu. Nikavua viatu, nikaingia majini. Nikuambie kweli, mikono yangu ilikufa ganzi kabla sijamaliza fungu la kwanza, lakini nilikwisha amua kutotoka kabla yake. Tuliosha kapu zima. Halafu akasema, macho yakiwa kwenye karoti, "Ule mchezo wenu. Huyo mzee wenu ni mwizi."

"Mwizi vipi, baba? Anawapenda wanawe."

"Anawapenda kwa mali ya nani?" Akainuka, akaonyesha kwa mkono wenye tope kilima alichokuwa akilima, matuta ya njegere na karoti yaliyopanda hadi kwenye ukungu. "Hili ni la huyu," akamgusa Felista kichwani, "na kaka zake, na wadogo zao wasiozaliwa. Mimi mlinzi tu. Sasa mwanangu Lukasi, mtoto ninayempenda, Jumapili atasimama mbele ya kanisa, ameinama kama mimi, akate mpaka, agawe shamba la huyu. Na huyu mmempa ngoma ashangilie!"

Felista akacheka, akajizuia. Nikaona ni heri niseme kweli. "Baba, hatukujua."

"Najua hamkujua. Mtu aliyejua ningemtupia jiwe." Akarudi kwenye maji. "Mimi nimeulizwa kanisani kama baba, nimejibu kama baba. Kama mjomba hakuna aliyeniuliza. Mjomba haulizwi kwa mkupuo, na haulizwi na msichana aliyetumwa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nikimleta?"

"Akija, amekuja. Asipokuja, karoti zina haraka."

Nilishuka kilima kile nikikimbia pale palipowezekana. Mwalimu nilimkuta ukumbini, ameketi kwenye benchi na karatasi za mchezo wake magotini. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu, "Kwenda kuwaomba nitakwenda. Kuubadilisha mchezo sitaweza." Nikamwuliza kwa nini. Akazikusanya karatasi magotini. Halafu akaniambia habari ambayo sikuwahi kumsikia akiisema tena. Alikuwa mtoto wa mwisho, tena mzururaji. Baba yake, kule Bukoba, aliita ndugu wote akaligawa shamba la migomba lililozunguka nyumba, na akampa yeye sehemu sawa na kaka zake waliobaki nyumbani kulima. "Siku ile ndiyo niliyoamini," akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kanisani kwa sababu ya kwaya. Nikimwondoa yule baba kwenye mchezo, Vero, nitawaambia nini watoto juu ya Mungu?"

Nilikuwa mdogo kwake sana, na kwetu mdogo hamfundishi mkubwa. Lakini saa zilikuwa zinakwenda. "Usimwondoe, Mwalimu," nikasema. "Mwongeze mpwa. Felista aliuliza watalima wapi. Mzee amjibu."

"Akimjibu, shamba linakwisha. Atawapa nini wanawe?"

"Sijui. Tuwaulize watoto, wakirudi. Wao wanajua baba zao huwapa nini."

Alizitazama karatasi zake kwa muda. Kisha akazikunja mara mbili na kuzitia mfukoni, akasema, "Kesho utanionyesha njia."

Ijumaa hiyo nilimwona Mwalimu Deo akifanya kazi ngumu kuliko zote nilizomwona akifanya kwa miaka yote tuliyojuana baadaye. Alipanda hadi kwa Mzee Klementi akipumua kama mvukuto. Mzee alikuwa anamwagilia kitalu cha kabichi, akamwacha asimame hadi kopo la mwisho. Mwalimu alisimama. Alipokaribishwa, akakataa kiti, akaketi kwenye gogo, chini kuliko mwenyeji wake, akasema, "Mzee wangu, nimekuja kumwomba Felista na kaka zake kwa mjomba wao. Juzi nilikosea mlango."

Mzee Klementi akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Sasa umebisha hodi," akasema. "Na ule mchezo?"

"Watoto watanisaidia kuurekebisha."

"Watoto?" Akamgeukia Felista. "Unasikia? Mwalimu mzima!" Halafu, kwa sauti nyingine, "Nenda nao. Lakini wengine sikusaidii kuwaomba. Kila mjomba ana mlango wake."

Basi tukaenda kila mlango. Tulishuka mabonde na kuyapanda, na kila mahali Mwalimu alirudia maneno yale yale, hakuyafupisha hata neno moja. Wengine walitukaribisha viazi vya kuchoma, mmoja alitucheka machoni, mwingine alitaka kwanza Mwalimu amweleze Bukoba mjomba ana kazi gani, na alipoelezwa akasikitika kwa dhati, akasema, "Masikini, watoto wa kwenu." Felista alitangulia mbele akituonyesha njia za mkato. Jumamosi asubuhi Mama Skola alitia maji chungu kikubwa bila kuulizwa, na uji ulipochemka ukumbi ulikuwa umejaa.

Tulikuwa na siku moja. Mwalimu aliketi sakafuni katikati ya watoto akawauliza, "Shamba ni la wapwa. Haya, mzee atawapa nini wanawe?" Watoto hawakufikiri hata kidogo. Wakajibu kwa pamoja na kwa fujo. Alicholima! Njegere! Mbuzi aliyemnunua mwenyewe! Blanketi lake! Sweta! Lukasi akasema polepole, "Baba yangu hunipa karoti za kwanza, kabla ya kupeleka kwenye lori." Mwalimu akamtazama Lukasi, kisha akaanza kuandika nyuma ya mfuko wa saruji kwa kijiti na rangi ya mkaa, kwa sababu karatasi zake alikuwa amezisahau mfukoni.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Lukasi akaingia, mgongo umepinda, fimbo mkononi. Akawaita wanawe wawili. Akainua mkono aweke mpaka, na hapo ngoma ikakatika. Felista akaiacha, akaja mbele akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasimama kati ya mzee na shamba, akasema kwa sauti iliyonishangaza, "Mjomba, na mimi nitalima wapi?"

Upande wa wanaume mtu akaguna, "Ee!" Mzee wa mchezo akainamisha fimbo. "Hapa, mpwa wangu. Hili ni lako na la ndugu zako. Mimi nilikuwa nalilinda." Wanaume wakapiga makofi, wakacheka, wakagongana mabega, walikuwa wameshinda, na mimi nikadhani mchezo umekwisha hapo. Lakini Lukasi aliwageukia wanawe. Akawapa kapu la njegere, nusu kwa nusu, mchapakazi na mzururaji sawasawa. Mchapakazi akalalamika, na mzee akamjibu maneno yale yale ya zamani. Akawapa karoti. Akawapa mbuzi, ambaye alikuwa mtoto mmoja mdogo akilia "mee" kwa moyo wote. Akavua sweta akampa mmoja, akavua kofia akampa mwingine. Hakuna aliyemwambia aendelee. Akatazama mikono yake mitupu, akaipanua mbele ya kanisa lote, akasema, "Sina kingine, wanangu. Hivi tu ndivyo vilivyokuwa vyangu."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kila mwanamume mle ndani alikuwa mjomba wa mtu, na kila mmoja alikuwa pia baba wa mtoto ambaye hatamwachia hata hatua moja ya ardhi. Nilimwona Mwalimu Deo akiwa amesimama pembeni ya altare, kidole mdomoni, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Watoto wakaanza wimbo wao. Wanawake wakaupokea, na baadaye, kwa sauti nzito na kwa kuchelewa, wanaume.

Tulikuwa bado tunakunja mikeka Mzee Klementi alipofika mlangoni pa ukumbi. Alikuwa amebeba kichwani gunia la viazi, jipya, limeshonwa vizuri. Akalitua mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mwalimu Deo akamkimbilia. "Mzee wangu, hili la nini? Kambi imekwisha."

"Mwakani hamtakula?"

"Tutakula, mzee. Lakini viazi havitafika mwakani."

"Basi kuleni hivi, mwakani nitaleta vingine." Akamtafuta mwanawe kwa macho, akampata, akamvuta kwake kwa sikio, polepole, kama mtu anayejaribu uimara wa kitu. "Mwambie Mwalimu viazi hivi ni vya nani."

"Vya baba," Lukasi akasema.

"Vya baba," Mzee Klementi akarudia, akatutazama sote, mmoja baada ya mwingine, na juu ya viazi alivyovilima mwenyewe hakukuwa na mjomba wala mpwa wa kumwuliza.